Tovuti Tisa za Mfereji wa Chini

Mhandisi Senkoro alinisogezea kiti chake mwenyewe, kile kizuri cha kuzunguka, akaniambia niweke kidole.

"Kidole chako tu, dada. Mimi nitakuelekeza."

Kwenye kioo cha kompyuta yake Sanifu, programu ya kujengea tovuti, ilikuwa imeshafunguka. Upande wa kushoto zilijipanga tovuti zote za mlima wa Ikongwe, hamsini na mbili, kila kaya na yake na zahanati na yake, kila tovuti na kijumba kidogo pembeni. Kijumba cha bluu maana yake tovuti imechapishwa ghalani na lango la ndiva, bwawa letu la mlimani, linaisoma. Chekundu, mwenyewe amebadili kitu lakini hakijachapishwa. Cha kijivu, lango halikujui. Saa sita mchana lango linaposoma ghala na kugawa maji ya siku ile, linakupita kama upepo.

Nilizijua zote. Miaka minne nilikuwa mpangaji wa ghala la Ikongwe, na nyingi nilizijenga kwa mkono wangu, watu wakiwa wamekaa ubavuni pangu wakinitajia maisha yao.

"Andika nina migomba mia."

"Mama, unayo arobaini."

"Andika mia. Shemeji zangu wanasoma."

Mhandisi alikuwa ametoka wilayani kwa pikipiki asubuhi ile na kofia yake alikuwa hajaivua. "Wilaya inataka ghala safi," akasema. "Folda mbili. Zilizo Hai, na Zilizoachwa. Tovuti isiyoguswa miezi sita, hiyo imeachwa. Sanifu yenyewe itakuonyesha."

Sanifu ikaongea kwa ile sauti yake ya msoma taarifa ya habari. "Tovuti tisa hazijaguswa kwa zaidi ya siku mia moja na themanini. Je, nizipange?"

Tisa zikaanza kuwakawaka. Sikuhitaji kusoma majina. Zote zilikuwa za mfereji wa chini.

"Hizi hazijaachwa," nikasema. "Hizi ni za wafiwa."

"Kivipi?"

Nikamweleza. Mwezi wa pili, wanaume wa mfereji wa chini walitoka kwa msaragambo, kazi ya pamoja kama tunavyofanya kila mwaka, kuzibua ndiva na kujenga ukuta wake. Ukuta ukawaangukia. Tisa hawakutoka. Na kwetu Ikongwe maandishi ya marehemu hayaguswi mpaka ukoo ukae uvue kilio, baada ya mwaka mzima. Mjane hafuti jina la mumewe wala haongezi lake. Hata hesabu ya kuku haibadilishwi, kuku wafe au wazaane. Ukurasa unakaa kama alivyouacha mwenyewe, na majirani wanajua hivyo.

"Mashine haijui kilio, dada. Inajua tarehe."

"Basi iambiwe."

Akanitazama, akatabasamu. "Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La saba."

"Basi," akasema.

Mwenyekiti wa kamati ya maji, Mzee Mgonja, alikuwa ameketi mlangoni anatafuna karanga. Akapukuta maganda mapajani. "Buruta tu, mwanangu Nambua. Zinahama folda, hazifi. Ni kama kutoa gunia chumba hiki ukaliweka kile."

Niseme ukweli, maana nimechoka na wanaosema mashine ndiyo iliyokosea. Nilijua. Nilijua gunia likihamishwa chumba, mlango wa kile chumba kingine lango halina ufunguo wake. Lakini mtu mkubwa alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, na mwingine mlangoni, na ile "basi" ilikuwa bado inaniwasha masikioni. Nikajiambia nitanyamaza leo, nitatengeneza kesho. Nikaburuta. Moja, mbili, mpaka tisa. Mhandisi akachapisha kutoka kwenye kompyuta yake. Vijumba tisa vikawa kijivu.

"Saa thelathini na sita za maji kwa wiki hazina mwenyewe," ikasema Sanifu. "Zimegawiwa kaya zilizo karibu na lango. Asante kwa kudumisha usafi."

Mzee Mgonja akacheka. "Ina adabu kuliko wajukuu zangu."

*

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, nikasikia mtu anagonga dirisha la ofisi kwa nje.

"Nambua! Umo humo?"

Alikuwa Mama Kadori. Kilio chake hakijavuliwa, kwa hiyo haingii ofisini wala mkutanoni, na hakuingia. Alisimama kwenye majani chini ya dirisha na kaniki yake nyeusi, jembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba nitakupa nikipoa." Akaweka kitu kwenye kizingiti cha dirisha. Tangawizi, mzizi mzima na jani lake, jani limejikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto na mzizi mwembamba kama kidole cha mtoto. "Hilo lango limeharibika?"

"Halijaharibika."

"Basi nimeharibika mimi. Jumanne ya tatu hii nasimama mferejini nangoja zamu yangu, maji yanapita juu kwenda kwa Mgonja, yananicheka. Leo nikapanda mpaka langoni. Nikalitajia jina la marehemu. Unajua limenijibu nini? Kwa adabu! Eti samahani, kaya hii haipo." Akashusha jembe. "Nina watoto wanne kwenye kaya ambayo haipo. Nani anawapikia, jini?"

Ningeweza kusema ni wilaya. Ningeweza kusema ni Sanifu. Nikamweleza yote, folda, tarehe, kofia ya Mhandisi, karanga za Mwenyekiti.

"Na aliyeburuta?"

"Mimi."

"Kidole kipi?"

Nikakitoa nje ya dirisha. Sijui kwa nini nilikitoa. Akakitazama muda mrefu kama mtu anayekagua jino la ng'ombe mnadani.

"Kidole hiki kimekula ugali kwangu," akasema. "Siku ya tatu ya msiba ulikuja, ukala, ukaosha vyombo. Mume wangu alikwenda kujenga ukuta ili Mgonja anywe. Ukuta ukamnywa yeye. Sasa na maji nayo anywe Mgonja? Nyie watu mna haya kweli?"

Nikakirudisha kidole ndani.

"Yanaweza kurudi?"

Hapo ndipo nikamweleza kilichokuwa kinaninyima usingizi. Folda ya Zilizoachwa ilikuwa kwenye kompyuta ya Mhandisi, kwa hiyo nisingeweza kuziburuta zirudi. Ila faili la zamani lilikuwa bado kwenye kompyuta yangu, lenye tovuti zote hamsini na mbili kama zilivyokuwa kabla ya Mhandisi kuja. Ghala linapokea chapisho lolote lenye alama ya kidole cha mpangaji, na kidole ni changu. Lakini Sanifu haijui kutia kiraka. Ukiiambia ichapishe kwenye folda, kwanza inafagia kila kilichomo, halafu inatandika cha kwako. Nikichapisha faili langu, tisa zinarudi, na kila kilichoandikwa wiki tatu hizi kinakwenda na ufagio. Mtoto wa Elifuraha aliyezaliwa juzi. Shamba ambalo Msofe amebadilishana na kaka yake. Na zamu mpya ya zahanati.

"Zahanati nayo wameipa?"

"Saa sita kwa wiki. Kabla ya hapo ilikuwa haina zamu, wauguzi walichota kwa ndoo. Sasa tangi limejaa, wanazalisha wanawake kwa maji ya bomba."

Mama Kadori akaichokoa ile tangawizi kwa ukucha.

"Wangeniomba ningewapa," akasema. "Mtu akiniomba kata ya maji namchotea na kiti nampa. Akinivunjia mtungi usiku halafu aseme nilikuwa sina mtungi, huyo nitamshika shati." Akabeba jembe lake. "Sitaki mtoto wa mtu azaliwe pakavu kwa ajili ya tangawizi yangu. Sikia lakini. Wewe ndiye uliyeniondoa duniani. Tafuta njia ya kunirudisha."

*

Alhamisi Mwenyekiti aliniita kwake. Nilipita kando ya shamba lake. Mahindi yalikuwa yanang'aa, na kwenye matuta maji yamesimama bure, vyura wanaoga.

"Kesho saa tano tunakutana uwanjani pa ofisi," akasema. "Mhandisi atakuja. Wilaya inataka folda ya Zilizoachwa ifutwe kabisa, na mfumo hautaki kidole kingine ila chako. Utabonyeza, watapiga makofi, tutakunywa soda."

"Sibonyezi, Mzee."

Aliacha kutafuna. "Unasemaje?"

"Wale wajane wana zamu. Irudishwe."

"Zamu isiyo na mwenyewe ni ya kijiji."

"Wenyewe wapo! Wamevaa kaniki, mnapishana nao njiani mnawapa pole. Mnampa mtu pole kwa mdomo na mkono uko kwenye mtungi wake?"

"Nambua, punguza sauti, hapa ni kwangu." Akainama mbele, akawa mpole, na upole wake ndio ulionitisha. "Najua una lile faili la zamani. Mhandisi aliniambia litakuwepo. Ukilichapisha, zahanati inakauka. Mgonjwa akifa utasimama kaburini useme nini?"

"Mwenyekiti, wewe umepata saa kumi na mbili. Unaumwa wapi?"

Mkewe, aliyekuwa anapepeta mchele uani, akacheka kabla hajajizuia. Mzee Mgonja hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Na mama yako je? Yeye anaumwa wapi?"

"Mama yangu?"

"Saa tatu za nyongeza kila Jumanne. Hukujua? Mpangaji mzima! Nenda kaangalie tovuti ya mama yako, binti. Au ulidhani ile bustani ya mboga imestawi kwa maombi?"

Nilirudi ofisini nikikimbia. Nikafungua ukurasa wa nyumbani kwetu, ule nilioujenga mimi, wenye picha ya mama akiwa amekunja uso kwa sababu ya jua. Chini kabisa: Jumanne, saa tatu zaidi. Nikalinganisha na zamu za Jumanne kwenye faili la zamani: mbili zilikuwa za marehemu mume wa Mama Kadori, na moja ya jirani yake. Wiki tatu nilikula mchicha ule, nikausifu. Watu wote wananiita Nambua mwenye macho, mtu asiyepitwa na kitu. Nimekaa napanga nyumba za wenzangu, ya kwetu sikuitazama.

Niliporudi nyumbani mama alikuwa anamwagilia. Nilimtazama, nikashindwa kusema. Alikuwa anaimba.

*

Ijumaa uwanja ulijaa. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, Mhandisi na kofia yake kwenye meza iliyotandikwa kitambaa, kompyuta yake wazi. Nje ya ua, nyuma ya senyenge, walisimama wajane tisa. Hawakuingia mkutanoni. Walisimama tu, weusi tupu, kama mstari uliochorwa kwa mkaa.

Nilifika na kompyuta yangu nimeifunga mgongoni kwa kanga. Nikaiweka mezani kando ya ile ya Mhandisi, nikachomeka waya wa ghala.

"Hiyo ya nini?" akauliza Mhandisi.

"Yangu ndiyo iliyozoea kidole changu."

Ilikuwa saa tano na dakika kumi na tano. Nikafungua faili la zamani. Vijumba hamsini na viwili. Nikabonyeza pa kuchapisha, na Sanifu, ambayo sauti yake tulikuwa tumeiunganisha na spika ya msikitini ili watu wasikie sherehe, ikatangaza mlima mzima:

"Folda hii ina tovuti arobaini na tatu. Zote zitafutwa na nafasi yake kuchukuliwa na tovuti hamsini na mbili. Je, una uhakika?"

Mhandisi alielewa kwanza. Akanyoosha mkono kuvuta waya. Nilikuwa nimekwisha kuweka kidole.

"Asante," ikasema spika. "Karibuni tena, kaya tisa."

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Wengine hawakujua kilichotokea, wakapiga makofi waliyoandaliwa kupiga. Msofe akapiga ukelele, shamba langu! Mzee Mgonja alisimama kwenye benchi, ndevu zinatetemeka.

"Ameua zahanati! Mmemwona? Msichana wa darasa la saba ameua zahanati mchana kweupe!"

"Lango linasoma saa sita," nikasema. Kelele zikanimeza, nikarudia. "Lango linasoma saa sita. Sasa ni saa tano na dakika ishirini. Nina dakika arobaini, na kila kilichofutwa nitakiandika upya mbele yenu. Sitaandika kwa kunong'onezwa. Naanza na zahanati."

Nikaiacha meza, nikatembea mpaka kwenye senyenge.

"Mama Kadori. Zahanati inahitaji saa sita. Naomba."

Aligeuka kwa wenzake, wakasemezana kikwetu, haraka haraka, mmoja akilia, mwingine akimkatiza. Kisha akarudi.

"Kila mmoja wetu anatoa saa moja," akasema kwa sauti ya kufika kwenye mabenchi. "Tisa. Zinazidi hata zile sita mlizotuibia. Lakini usiguse ukurasa wa marehemu hata mmoja. Iandikwe kwenye ukurasa wa zahanati kwamba wajane wa mfereji wa chini wamechota wakatoa."

Muuguzi wa zahanati, aliyekuwa amekaa mkekani na koti lake jeupe, akafunika uso kwa viganja.

Nikarudi mezani, nikaandika kama nilivyoambiwa. Halafu chini ya nafasi ya saa za maji, kwenye kila tovuti ya mlima isipokuwa zile tisa za marehemu, nikaongeza mstari ambao Sanifu haikuwa nao: *Zimetoka kwa.* Zamani, kabla lango halijajifunza kusoma, aliyetaka maji ya mwenzake alisimama kwenye ukingo wa ndiva akamtaja mwenye maji kwa jina, watu wakiwepo. Sikuwa nimebuni kitu.

"Sasa," nikasema. "Elifuraha, mtoto. Msofe, shamba. Na kila aliyekuwa na saa za nyongeza anayezitaka, apange foleni hapa. Nitamuuliza swali moja tu."

Elifuraha alikuja na kichanga, nikamwandika. Msofe akaja ananinunia, nikamwandika. Baada ya hapo hakuna aliyekuja mezani. Watu kumi waliokuwa wamegawiwa maji ya marehemu wakaanza kutazama viatu vyao. Mzee Mgonja alijishika koo kama karanga imemkwama. Mhandisi alikuwa anaandika ripoti, kalamu inachana karatasi. Ikafika saa sita kasoro robo.

Aliyeinuka ni mama yangu.

Alitoka mkekani taratibu, akafunga kanga vizuri, akapita katikati ya watu mpaka mezani. Hakukaa kwenye kiti.

"Andika," akasema. "Saa tatu, Jumanne."

Nilitamani ardhi ipasuke. "Mama, si lazima. Mwenye kutaka tu."

"Sijaja kuzidai. Tangu juzi nasikia watu wananisema kisimani, nami sikujua wanasema nini mpaka nilipokusikia hapa. Andika nilikuwa nazo, halafu andika nimezirudisha. Nataka ijulikane zilikotoka, watu wasije wakasema Mama Nambua alipanda senyenge usiku kuiba maji ya wafiwa."

"Sawa, mama." Nikaweka vidole. Swali lilikuwa langu mwenyewe. "Zimetoka kwa nani?"

Mama akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu. Macho yalikuwa makavu, na sijapata kuona hasira iliyotulia namna ile.

"Kwako," akasema. "Mimi sikumwomba mjane, na mjane hakunipa. Ulinipa wewe, Nambua, bila kuniuliza. Ukanifanya mwizi kwenye bustani yangu mwenyewe."

Spika ilikuwa bado wazi. Nje ya senyenge hakuna aliyesogea.

Nikaandika. *Zimetoka kwa: Nambua, mpangaji wa ghala. Zimerudishwa.* Nikakigeuza kioo kuwaelekea watu, wakasoma, wengine kwa kutembeza midomo. Nikachapisha hivyo hivyo, ikawa bluu, kwenye ukurasa wenye picha ya mama, mahali ambapo kila mtu wa Ikongwe ataisoma maadamu lango linafunguka.

Kisha nikamtazama Mzee Mgonja, nikamwonyesha kiti.

"Karibu, Mwenyekiti. Saa kumi na mbili."